Uteuzi wa Sakafu za Vinili katika Majengo ya Biashara na Makazi: Historia ya Vigezo Vilivyoonekana na Vilivyofichwa

1.0 Utangulizi

Anayeteua sakafu ya vinili kwa ajili ya duka, hospitali au nyumba ya kuishi kwa kawaida huongozwa na vigezo vinne: bei, uimara, urahisi wa kusafisha na mwonekano. Insha hii inafuatilia historia ya vigezo hivyo nchini Marekani, ambako sakafu ya vinili ilienea kwa kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hoja yake kuu ni kwamba mteuzi aliamua kwa kile alichokiona na kukikanyaga, ilhali sehemu nzito ya gharama ilibebwa na watu wasioshirikishwa katika uamuzi huo: wafanyakazi wa viwandani waliotengeneza vinili na mafundi walioitandika na kuibandua.

2.0 Kutoka Linoleamu hadi Vinili

Kabla ya vinili kulikuwa na linoleamu. Mwingereza Frederick Walton alipata hataza yake mwaka 1863 na kuanzisha kiwanda huko Staines, karibu na London, mwaka uliofuata. Mafuta ya mbegu za kitani yaligandishwa kwa hewa, yakachanganywa na unga wa koki, utomvu na rangi, kisha mchanganyiko huo ukatandazwa juu ya kitambaa cha juti. Linoleamu ilikuwa laini miguuni na nyepesi kusafisha, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: haikustahimili unyevu unaopanda kutoka ardhini.

Vinili ilizaliwa katika utafutaji wa kitu kingine. Mwaka 1926, Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Akron, Ohio, alikuwa akitafuta gundi ya kushikiza mpira kwenye chuma. Polivinili kloridi ilikwisha kujulikana tangu karne ya 19, ila ilikuwa ngumu na yenye kuvunjika upesi. Semon aliipasha moto ndani ya kiyeyushi, akapata kitu kinachonyumbulika mithili ya mpira. Vigae vya vinili vilioneshwa hadharani katika maonesho makubwa ya Chicago mwaka 1933. Wakati wa vita, polivinili kloridi ilitumika sana kufunika nyaya za umeme. Vita vilipokwisha, viwanda vilihitaji soko jipya, na sakafu ikawa mojawapo ya masoko hayo.

3.0 Zege, Unyevu na Asbesto

Mabadiliko ya ujenzi yaliharakisha uteuzi huo. Kuanzia mwaka 1947, katika mtaa mpya wa Levittown, New York, zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa kwa muda wa miaka michache, zikiwa zimesimama juu ya bamba la zege lililomwagwa moja kwa moja ardhini. Unyevu na alkali ya zege vilikuwa adui wa linoleamu. Hivyo wajenzi walitumia vigae vya lami vilivyoimarishwa kwa nyuzi za asbesto, na baadaye vigae vya vinili na asbesto vikachukua nafasi hiyo katika nyumba, shule, ofisi na hospitali nyingi nchini humo.

Kiufundi, uteuzi huo ulikuwa na mantiki. Asbesto ilizuia kigae kupanuka na kusinyaa, ikakipa uwezo wa kustahimili moto na uchakavu, na bei ikabaki nafuu. Nyuzi zikiwa zimefungwa ndani ya kigae kizima, hatari kwa mkazi ilikuwa ndogo. Hatari ilijitokeza pale kigae kilipokatwa, kilipovunjwa au kilipopigwa msasa, kwa kuwa vumbi lake huingia mapafuni. Aliyelivuta vumbi hilo zaidi alikuwa fundi. Watengenezaji wa Marekani waliacha kutumia asbesto katika vigae hivyo kufikia miaka ya 1980.

4.0 Gharama ya Kiwandani: Louisville, 1974

Gharama nyingine ilikuwa mbali zaidi na macho ya mteuzi. Vinili hutengenezwa kutokana na gesi ya vinili kloridi. Viwandani, wafanyakazi waliingia ndani ya matangi ya kuchanganyia ili kukwangua mabaki yaliyoganda, wakiivuta gesi hiyo. Mnamo Januari 1974, B.F. Goodrich ilitangaza kuwa wafanyakazi wa kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, walikuwa wamefariki kwa angiosakoma ya ini, saratani adimu mno. Visa vitatu katika kiwanda kimoja havikuweza kuhesabiwa kuwa sadfa.

Tangazo hilo halikuwa dalili ya kwanza. Nchini Italia, mtafiti Cesare Maltoni alikuwa amekwisha kuona saratani hiyo kwa wanyama waliovutishwa gesi kwa kiwango cha sehemu 250 kwa milioni ya hewa, yaani nusu ya kiwango cha 500 kilichoruhusiwa Marekani wakati huo. Nyaraka zilizofichuliwa baadaye zinadhihirisha kwamba wawakilishi wa viwanda vya Marekani walipewa matokeo hayo takriban mwaka mmoja kabla, kwa makubaliano ya kuyatunza kama siri.

Serikali ilishusha kiwango hadi sehemu 50 mwezi Aprili 1974, kisha hadi sehemu 1 kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1975. Wenye viwanda walidai kuwa kiwango hicho kingeua sekta nzima. Haikuwa hivyo: matangi yalifungwa vizuri zaidi, gesi ikakusanywa na kutumiwa tena, na uzalishaji ukaendelea.

5.0 Vigezo vya Sasa

Leo viwango vya kimataifa hupanga sakafu kwa matumizi: madaraja ya 21 hadi 23 ni ya makazi, 31 hadi 34 ni ya biashara, na 41 hadi 43 ni ya viwanda vyepesi. Kinachotofautisha zaidi ni unene wa tabaka la juu la kinga. Tabaka la milimita 0.3 hutosha nyumba nyingi, ilhali eneo la biashara lenye watu wengi huhitaji takriban milimita 0.5 au zaidi. Hospitalini hupendelewa vinili ya vipande vipana vilivyoungwa kwa joto, kwa kuwa maungio ya vigae huhifadhi uchafu.

Aidha, swali la kilichomo ndani limeanza kuingia katika uteuzi. Vilainishi vya aina ya ftalati vimewekewa vikwazo Ulaya, na mwaka 2015 baadhi ya maduka makubwa ya Marekani yaliwataka wasambazaji wa sakafu za vinili waviache. Kwa majengo ya zamani, vigae vya inchi 9 kwa 9 huhitaji kupimwa kabla ya kubanduliwa, na havifai kupigwa msasa.

6.0 Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba vinili ni sakafu mbaya. Inathibitisha kwamba uteuzi hutegemea taarifa, na kwamba taarifa muhimu zaidi zilikuwa mikononi mwa wale waliokuwa na sababu ya kuzificha. Mwenye nyumba wa Levittown aliweza kulinganisha rangi na bei, lakini hakuwa na njia ya kujua hali ya hewa ndani ya tangi la kiwanda. Hivyo basi, kigezo cha tano kinastahili kuongezwa kwenye vile vinne vya mazoea: tamko la wazi la mtengenezaji kuhusu kilichomo ndani ya sakafu na usalama wa wanaoitengeneza.