Waranti ya cherehani ya shosho

Cherehani ya shosho ni Singer 15 ya Clydebank, Scotland. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980, sasa waranti ningemdai nani? Kile kichuma kinachoshika bobini kilipovunjika, nilijua imeisha hiyo. Wapi! Gikomba nilipata kipya, cha China, kikaingia fiti.

Ukirudi nyuma utaona kwa nini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani viliiga Singer 15 na kukubaliana vipimo, spea za huyu zimfae yule. China nayo ikafuata. Hizo "feki" tunazozicheka ndizo zimeiweka hai.

Blenda yangu je? Waranti mwaka mmoja, ikaisha Machi. Aprili jagi likapasuka. Jagi peke yake haliuzwi, eti ninunue blenda nyingine.