Data Isiyolala: Umeme na Upozaji katika Hifadhi za Taasisi

Tangu muungano wa The Green Grid ulipoleta kipimo cha PUE mwaka 2007, mjadala kuhusu gharama za vituo vya data umeegemea upozaji. Kipimo hicho hugawanya umeme wote unaoingia kituoni kwa ule unaotumiwa na mashine zenyewe. Kikisoma 2, kila uniti ya mashine huandamana na nyingine inayoishia kwenye viyoyozi, feni na mitambo ya umeme. Hatua zilizopigwa ni kubwa. Huko Hamina, Finland, Google hupoza seva zake kwa maji ya bahari. Huko Luleå, Uswidi, Facebook ilifungua mwaka 2013 kituo kinachopozwa kwa hewa ya nje. Hata hivyo, joto ni umeme uliokwisha kutumika. Kabla ya kuuliza tuliondoeje, tuulize kwa nini tulilizalisha.

Tuchukulie taasisi yenye diski 1,000, kila moja ikitumia wati 6 usiku na mchana. Kwa mwaka diski hizo hula uniti 52,560. PUE ikiwa 1.5, ankara inafika uniti 78,840. Taasisi ikiboresha upozaji hadi PUE ya 1.1, itaokoa uniti 21,024. Lakini ikiacha mitambo ilivyo na kuzima nusu ya diski, itaokoa uniti 39,420, karibu mara mbili.

Hesabu hii inatuhusu zaidi sisi wa mwambao. Dar es Salaam na Mombasa hazina hewa ya Luleå. Joto na unyevu huvilazimu viyoyozi kufanya kazi mwaka mzima. Tusichoweza kupata kwa hali ya hewa, tukitafute katika nidhamu ya kuhifadhi.

Nyenzo ipo: kanda ya sumaku. Ikiwa rafuni haitumii umeme wa kuizungusha. CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, huhifadhi humo data za majaribio yake, na mwaka 2011 Google ilirejesha barua pepe zilizopotea za Gmail kutoka kwenye kanda. Ni kweli kwamba kuisoma huchukua dakika badala ya kufumba na kufumbua, na chumba chake huhitaji joto na unyevu usioyumba. Lakini hati ya malipo ya miaka sita iliyopita haina haraka ya kusomwa.

Wapo watakaosema sheria inawataka watunze kumbukumbu. Kutunza hakulazimu diski izunguke. Tena, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakataza kushikilia taarifa binafsi kupita muda unaohitajika.

Kwa hiyo kila faili lipewe tarehe ya kuhamishiwa kwenye kanda na tarehe ya kufutwa, na idara inayoomba nafasi ya kuhifadhi ioneshwe ankara ya umeme wake. Kiyoyozi kinunuliwe baada ya hapo.