Nyumba za Kawaida na Ushahidi wa Picha

Kila mji una majengo yake ya fahari, nayo hayakosi wa kuyapiga picha. Mgeni afikapo Mombasa huelekeza kamera yake kwenye Fort Jesus, na afikapo Nairobi huielekeza kwenye mnara wa KICC. Lakini kibanda cha kinyozi, duka la pembeni, bomba la maji, na nyumba ya vyumba sita vinavyotazama ua mmoja, aghalabu havina mpiga picha. Hata hivyo, maisha ya watu wengi hupita humo, wala si katika minara. Na siku mji utakapotaka nafasi, hivyo ndivyo vitanguliavyo kubomolewa. Yafaa basi, msomaji, tuangalie habari za watu wawili wa Ulaya waliopiga picha za mitaa ya namna hiyo, kisha tujiulize habari hizo zatufundisha nini sisi.

Wa kwanza ni Thomas Annan wa Glasgow, katika Scotland. Katika karne ya 19 viwanda viliwavuta watu wengi mjini humo, wakasongamana katika nyumba za ghorofa zilizopakana na vichochoro vyembamba, visivyopata jua wala hewa safi. Maradhi yakaenea. Mwaka 1866 ikatungwa sheria ya kuruhusu nyumba hizo zinunuliwe na kubomolewa, na Annan akatakiwa kuzipiga picha kabla hazijaondoka. Kazi hiyo aliifanya hasa kati ya mwaka 1868 na 1871. Haikuwa kazi nyepesi. Katika siku hizo picha ilinaswa juu ya kioo kilichopakwa dawa, nacho kilipaswa kutumiwa kingali kibichi; na katika giza la vichochoro kamera ilihitaji kuachwa wazi kwa muda. Ndiyo sababu kuta zimetokea dhahiri, na watu waliotikisika wametokea kama ukungu.

Liangalie jambo moja. Waliozitaka picha hizo ndio waliokuwa wakibomoa. Kila picha ilipewa anwani yake. Mojawapo iliyo mashuhuri ni ya kichochoro namba 118 katika njia iitwayo High Street. Lakini majina ya watu wanaoonekana humo hayakuandikwa. Hivyo leo twajua nguo zilianikwa wapi na kuta zilikaribiana kiasi gani, bali hatujui waliosimama pale waliitwa nani, wala walisema nini juu ya kuhamishwa kwao. Picha ilihifadhi nyumba, ikampoteza aliyeishi ndani yake.

Wa pili ni Eugène Atget wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1857. Alifiwa na wazazi angali mtoto, akawa baharia, kisha mwigizaji, na mwishowe akashika kamera. Mji wa Paris ulikuwa umebomolewa sehemu nyingi tangu mwaka 1853 kupisha njia pana, na yaliyosalia ya zamani yalikuwa yakitoweka polepole. Kwa muda wa miaka 30 hivi, hata kufa kwake mwaka 1927, Atget alizunguka mjini na kamera kubwa ya mbao, miguu yake mitatu na vioo vizito, mara nyingi alfajiri, watu wakiwa bado wachache. Alipiga picha za milango, ngazi, madirisha ya maduka, wachuuzi wa barabarani, na vibanda vya waokota matambara pembezoni mwa mji. Alipiga pia mto Bièvre, uliotumiwa na watengeneza ngozi. Kufikia mwaka 1912 mto huo ulikuwa umefunikwa ndani ya mji, na leo mtu aweza kutembea juu yake asijue.

Atget hakujitangaza kuwa msanii. Alisema kwamba anauza picha za kuwasaidia wachoraji katika kazi yao, na maktaba na majumba ya makumbusho ya Paris yakazinunua pia. Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa vioo zaidi ya 2,600. Baada ya kufa kwake, Mmarekani Berenice Abbott alinunua vingi vya vilivyosalia, na mwaka 1968 vikaingia katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Abbott mwenyewe aliurithi mwendo wa Atget: alirudi kwao, akapiga picha za New York iliyokuwa ikibadilika, akazitoa katika kitabu mwaka 1939.

Pengine utauliza: picha yafaa nini, nayo haiwezi kumzuia mbomoaji? Ni kweli haimzuii. Vichochoro vya Glasgow vilibomolewa, na Bièvre ilifunikwa. Lakini nyumba ikisha kuondoka, huanza mashindano ya maneno. Mmoja husema palikuwa pachafu tu, pasipo na cha kujutia. Mwingine husema palikuwa peponi. Picha yenye tarehe na anwani huwasahihisha wote wawili.

Jambo hili si geni kwetu. Kijiji cha Pangani kilikuwa miongoni mwa makao ya mwanzo ya Waafrika katika Nairobi. Wenyeji walijijengea nyumba na kupangisha vyumba, na baadhi ya wenye nyumba walikuwa wanawake waliojitegemea. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikibomoa, na wakazi wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina la Pangani lingalipo, ila kijiji hakipo. Wenye nyumba wale hawakupoteza vyumba tu. Walipoteza pia ushahidi ulio mbele ya macho ya kila mtu kwamba wao walikuwa wajenzi wa mji.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ghorofa mpya zikipanda, macho yetu hupanda nazo, tukasahau zilisimama mahali pa nini. Basi wewe, msomaji, ukipata kamera au simu, usingoje jengo la fahari. Anza na njia uipitayo kwenda shule. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya nyumba ya mtu, na ukikataliwa, heshimu. Andika tarehe, jina la njia, na upande uliosimama. Kisha fanya lile lisilofanywa Glasgow: muulize mwenyeji nani aliijenga nyumba ile, nani alikaa humo, na ilitumiwa kwa kazi gani, na akikubali, liandike jina lake pamoja na maneno yake. Mjukuu wa mtu huyo atakapotaka kujua kwao palikuwaje, hatahitaji kubahatisha.