Kichwa cha Luzira na nyumba tulizoziacha

Ndugu zetu, mgeni akitutembelea Luzira tunamshusha mpaka Port Bell aone ziwa. Kabla reli ya Mombasa haijafika Kampala mwaka 1931, mizigo ilitoka Kisumu kwa meli ikashukia hapa. Basi mgeni anauliza: kitu cha zamani kabisa hapa ni kipi? Wengi wetu tunanyosha kidole kwenye gereza la Waingereza.

Hapana jamani, kuna cha zamani zaidi. Mwaka 1929, watu waliokuwa wakichimba kwenye eneo la gereza walikuta vipande vya udongo uliofinyangwa: kichwa cha mtu, na sehemu za mwili. Wataalamu wanasema vina umri wa mamia ya miaka. Leo kichwa hicho kiko London, kwenye jumba la makumbusho la British Museum, na kinaitwa Kichwa cha Luzira.

Kwa nini hakikuoza ardhini miaka yote hiyo? Kwa sababu kilichomwa. Fundi yeyote wa matofali atakuambia: tofali bichi likilowa sana linarudi kuwa tope, lakini likishapita kwenye tanuri halirudi tena. Mfinyanzi wa zamani alilijua hilo, hata kama hakujenga ukuta.

Hapo ndipo tulikaa kimya kidogo. Nyumba nyingi tulizoziacha kwetu zilikuwa za matofali mabichi, au za miti na udongo. Nyumba ya namna hiyo inaishi kwa mkono wa mwenyewe: kila mwaka unaipaka, unaziba nyufa, unabadilisha nyasi. Mwenyewe akikimbia, mvua za misimu michache tu zinatosha. Ukirudi unakuta kichuguu.

Tena kuna jambo lingine. Ukisoma habari za kichwa hiki utakutana na jina la Wayland, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni. Majina ya waliochimba hatujayaona.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Wiki hii kaa na mzee wako, mwamkie, halafu muulize: nyumba yetu nani aliijenga? Udongo ulitoka wapi? Nani aliyebeba maji? Mlango ulitazama wapi? Andika majina yote, ututumie. Ukuta tumeshaupoteza. Majina bado tunayo, tuyachome yasirudi tope.