Mkandarasi msaidizi

nm. (wingi: makandarasi wasaidizi) Mtu au kampuni iliyopewa na mkandarasi mkuu sehemu ya kazi ambayo mkandarasi mkuu ameahidi kumkamilishia mwenye mradi.

Matumizi: Bomba la gesi asilia la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, ni mali ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, mkandarasi mkuu alikuwa kampuni ya China. Katika mradi wa namna hiyo, mwenye malori wa Mtwara anayepewa kazi ya kusomba kokoto husaini mkataba na mkandarasi mkuu, si na Shirika. Malipo yakichelewa, kwa kawaida humdai aliyesaini naye. Mkandarasi mkuu naye huwajibika kwa mwenye mradi, hata kosa likiwa la msaidizi wake.

Tahadhari: Wengine huandika “mkandarasi mdogo” kwa maana hii. Nchini Tanzania neno hilo humtaja pia mkandarasi wa daraja la chini, kwa kuwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwapanga wajenzi kuanzia daraja la 1 hadi la 7. Wa daraja la 7 anayejenga darasa Msimbati kwa mkataba na halmashauri ni mdogo, lakini si msaidizi. Kampuni kubwa iliyoajiriwa na mkandarasi mkuu ni msaidizi, lakini si ndogo. Mfasiri wa mkataba akiyachanganya maneno haya, msomaji hatajua nani anamdai nani.