Usugu mtambuka

Mkulima wa mihogo wa Chole, Kisarawe, huota sugu kiganjani kwa kushika mpini wa jembe. Neno hilo ndilo lililotupa “usugu wa dawa”. Lakini kwenye VVU, anayekuwa sugu ni kirusi, si mgonjwa. Kumwita “mgonjwa sugu” ni kumtwisha lawama isiyo yake.

Usugu huwa mtambuka pale badiliko moja la kirusi linapozima dawa zaidi ya moja. Badiliko la K103N hudhoofisha nevirapini na efavirenzi kwa mpigo, kwani zote hushika mahali pamoja kwenye kimeng’enya kimoja cha kirusi. Dolutegraviri, iliyoanza kusambazwa kote Tanzania mwaka 2019, hulenga kimeng’enya kingine, hivyo K103N haiigusi.