Padeli Dar: Bili Wanagawana Wanne, wa Tano Yuko Matombo

Siku hizi ukipita Masaki saa moja usiku utasikia mlio mmoja tu: pa! pa! pa! Mpira unagonga kioo, unarudi, unapigwa tena. Wapo mabosi, wapo mastaa, wapo na wale wanaopiga picha kuliko wanavyopiga mpira. Ndio padeli hiyo, wadau. Mechi ikiisha simu zinatoka, bili inagawanywa kwa nne, kila mtu anatuma chake, jamaa wanasepa.

Bili yenyewe sio poa. Ila ukiuliza kwa nini padeli ni ghali hivyo kwenye jiji la joto kama Dar, jibu linaanzia mbali, na linapita mlimani kabla ya kufika Masaki.

MCHEZO WA NYUMBANI KWA TAJIRI

Wengi wanadhani padeli ni ya juzi au imeletwa na Waarabu wa Dubai. Hapana. Ilizaliwa 1969 huko Acapulco, Mexico, mji wa pwani wenye joto kama letu. Tajiri mmoja, Enrique Corcuera, alitaka kucheza tenisi nyumbani kwake lakini nafasi ikawa ndogo. Akajenga kiwanja kidogo na kukizungushia kuta ili mpira usipotee. Kumbe mpira ukigonga ukuta unarudi mchezoni, raha ikaongezeka. Rafiki yake akaupeleka Marbella, Hispania, 1974. Muda si mrefu Argentina nao wakaudaka.

Kwa hiyo tangu mwanzo huu ni mchezo wa mtu mwenye nyumba kubwa, mwenye wafanyakazi na mwenye maji ya kutosha. Uliingia Ghuba ukiwa na sura hiyo hiyo. Doha waliandaa mashindano ya dunia 2021, Dubai 2022. Kule joto likipita nyuzi 40 wanacheza ndani ya ukumbi wenye viyoyozi. Bongo wengi tunacheza nje, labda juu kuna paa. Lakini joto ni joto, na halikopeshi.

JOTO LINAVYOPANDISHA BEI

Kiwanja cha padeli kina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Kina vioo, vyuma, nyasi bandia na mchanga juu yake. Jua la saa saba likiwaka, nyasi bandia zinachemka kuliko nyasi za kawaida. Nani atacheza hapo? Hakuna. Mwenye kiwanja ana saa nyingi za mchana zinazokaa bure, halafu kila mtu anazitaka zile chache za alfajiri na usiku. Ndio maana bei ya jioni inauma: saa moja unayolipia inabeba na zile zilizolala.

Usiku nao una mambo yake. Taa lazima ziwake. Umeme ukikatika, jenereta. Chumvi ya bahari inakula vyuma, kila mara rangi na ukarabati. Mipira ikipata joto inaruka kupita kiasi, na baada ya mechi kadhaa inakufa. Raketi haina nyuzi, ndani yake kuna sponji. Ukiisahau kwenye buti la gari juani, inalainika na kupoteza nguvu.

Halafu kuna maji. Ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia taulo, ya kutengeneza barafu, ya kuosha vioo. Mtu akicheza dakika 90 kwenye unyevu wa Dar, fulana yake unaikamua kama umeitoa kwenye beseni. Kwenye bili maji ni kitu kidogo sana, chupa mbili tatu. Lakini huko ndiko historia ilikojificha.

MTO RUVU NA MAZIWA YA ULUGURU

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar inatoka mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu unaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini lita milioni 270. Na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, ile Mji Kasoro Bahari. Upande wa mashariki wa milima, unaopokea upepo wa bahari, mvua ni nyingi balaa. Huko ndiko Matombo iliko, ukiifuata barabara ya Bigwa kwenda Kisaki: migomba, minazi, karafuu, iliki, na vijito kila bonde. Matombo kwa Kiluguru ni matiti, jina linalohusishwa na umbo la vilima vya pale. Jina limekaa mahali pake, maana jiji zima la Dar linanyonya milima hiyo.

JULAI 1955

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unaporomoka na mito inajaa tope. Ikaja na mpango wake: kila Mluguru achimbe matuta ya ngazi kwenye shamba lake, na kuchoma moto shamba marufuku. Anayekaidi, faini au jela. Malipo? Hakuna.

Waluguru hawakuwa wavivu wala hawakuwa wajinga. Udongo wa rutuba kule ni utando tu juu ya mwamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule mzuri na kuuleta juu ule mbaya. Watu waliona kwa macho yao: mahindi kwenye matuta yanatoka hafifu kuliko ya shamba la kawaida. Kwa hiyo unafanya kazi ngumu bila malipo, halafu unavuna kidogo.

Julai 1955 uvumilivu ukaisha. Watu wakakusanyika Matombo kupinga. Polisi wakaja, risasi zikapigwa, mtu mmoja akafa. Mpango wa matuta ya lazima ukafa naye. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata watu wengi milimani humo.

Miaka 4 baadaye, 1959, mtambo wa Ruvu Juu ukaanza kupeleka maji Dar. Wenye mlima waliendelea kuteka kwa ndoo.

SAFARI HII WALILIPWA, KIDOGO

Hadithi haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalikwenda Kibungo Juu, huko huko mashariki ya Uluguru, na wazo tofauti. Mkulima anayechimba matuta, anayepanda miti na kuacha kingo za mto, alipwe na wanaotumia maji huko chini. Waliotoa hela ni DAWASCO, iliyokuwa ikiuza maji Dar, pamoja na kampuni ya Coca-Cola Kwanza.

Ona hapo. Matuta yale yale yaliyomwaga damu 1955, safari hii watu waliyachimba kwa hiari. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliheshimiwa, akaelekezwa, akapewa samadi, na mwisho akashika hela mkononi. Hela ilikuwa ndogo na mradi haukudumu milele, lakini ulithibitisha jambo moja: mlima hauna ubishi, ubishi uko kwenye nani analipa.

Leo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria nzuri. Lakini kwa mwenye kishamba cha bondeni, mita 60 inaweza kuwa ndio shamba lote. Analiacha ili maji yatiririke kwenda kwa watu asiowajua.

TUNAPOKUMBUKA NI KIANGAZI

Oktoba 2022 Dar ilikumbuka. Mvua zilichelewa, Ruvu ukapungua, mgao wa maji ukatangazwa. Mitaani ndoo zilipangwa foleni, bei ya maji ya boza ikapaa. Mwaka huo huo mkataba wa bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, ukasainiwa, bwawa la kuhifadhi lita bilioni 190. Mvua ziliporudi, mazungumzo kuhusu Uluguru yakakauka.

Hakuna anayesema watu waache padeli. Jasho ni afya, na vijana wanaopata ajira viwanjani wana familia. Ila ukitazama ile bili ya Masaki, kuna kiwanja, taa, mipira, raketi ya kukodi, maji ya kunywa. Inagawanywa kwa nne, kila mtu anaona amelipa chake.

Wa tano hayupo kwenye hesabu. Yuko Matombo, babu yake alichimba matuta bila ujira, na yeye ameacha mita 60 za shamba. Wala hajawahi kusikia neno padeli.

Mdau, wewe unaonaje? Huyu wa tano alipwe na nani?